Uzi maalumu: Vita vya miaka 16 vya Msumbiji, vile ambavyo sisi wa ng'ambo hii ya Ruvuma hatuvisimulii

Chikongola (mwanzisha uzi):

Wakuu, salaam.

Mkalishe mzee yeyote wa Newala, Tandahimba au Nachingwea umuulize habari za Msumbiji. Atakusimulia vita vya ukombozi kwa mapana na marefu: Mondlane, Samora, kambi ya Nachingwea, ndege za Mreno zikikatiza juu ya Ruvuma, majeruhi wakiletwa Mtwara kwenye hospitali ya FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wao. Muulize kijana, atakutajia magaidi wa Cabo Delgado, Mocímboa da Praia, Palma, na shambulio la Kitaya, huku kwetu, la Oktoba 2020. Kati ya hayo mawili kuna vita vingine, vilivyoanza 1977 vikaisha Oktoba 1992. Makadirio yanayotajwa zaidi ni kwamba watu wapatao milioni moja walikufa kwa risasi, panga, njaa na maradhi, katika nchi iliyokuwa na watu milioni 13 hadi 15 hivi. Kama milioni 1.7 walikimbilia nchi jirani, na wengine wapatao milioni nne walihama makwao wakabaki wakitangatanga ndani ya nchi yao. Hivyo hatuvisimulii.

Nafundisha historia hapa Mtwara mjini, na jambo hili limenikaa moyoni muda mrefu. Msimamo wangu nausema mapema, anayetaka kunipinga anipinge: hatuvisimulii kwa sababu havitupi fahari. Vya kwanza tulishinda pamoja nao. Hivi vya pili watu wa nchi moja walichinjana. Maadui wa Afrika walivichochea, hilo halina ubishi, lakini chama tulichokilea hapahapa kusini nacho kilikuwa na mkono katika kuviandalia njia. Hilo ndilo linalotukwama kooni.

Nitaandika kwa vipande. Naomba uvumilivu.

Chikongola:

KIPANDE CHA KWANZA: nchi waliyoipokea

Uhuru ulipatikana tarehe 25 Juni 1975. Katika kila watu kumi, zaidi ya tisa hawakujua kusoma wala kuandika. Wareno waliondoka kwa makundi, na wengi waliharibu matrekta na mitambo kabla ya kupanda meli. Magharibi jirani alikuwa Ian Smith wa Rodezia. Kusini alikuwa Kaburu.

Machi 1976 Rais Samora akafunga mpaka na Rodezia kutekeleza vikwazo vya Umoja wa Mataifa. Alijua gharama yake, maana bandari ya Beira na reli yake ziliishi kwa mizigo ya Rodezia. Akawapa pia wapigania uhuru wa Zimbabwe ardhi ya kuweka kambi. Agosti mwaka huohuo askari wa Rodezia waliingia kambi ya Nyadzonya wakaua mamia kwa mamia ya watu, wengi wao wakimbizi. Halafu idara ya ujasusi ya Rodezia, chini ya Ken Flower, ikaanzisha redio ya kuwatangazia Wasumbiji na kikundi cha wapiganaji. Ndiyo RENAMO, kundi la waasi lililopigana na serikali ya FRELIMO. Waliokusanywa walikuwa askari weusi waliomtumikia Mreno, watu walioasi FRELIMO, na waliotoroka kwenye kambi za kurekebishwa tabia. Kiongozi wao wa kwanza, André Matsangaissa, alikuwa mmoja wa hao waliotoroka kambini. Aliuawa Gorongosa mwaka 1979, lakini hadi leo wengi kule wanawaita wapiganaji wale matsanga.

Zimbabwe ilipopata uhuru 1980, RENAMO haikufa. Ilihamishiwa Afrika Kusini na Kaburu akaipokea kwa mikono miwili, chini ya kiongozi mpya, Afonso Dhlakama. Hapo ndipo vita vilipokua hasa. Ndani ya miaka michache vikasambaa karibu nchi nzima.

Ligula_Juu:

Nimeweka kambi mkuu. Shusha.

Chikongola:

KIPANDE CHA PILI: mkono wa wenyewe

Hapa naomba tusome taratibu, maana najua tutagombana.

Kabla Samora hajaanza ule msafara wake wa kutoka Ruvuma hadi Maputo, Mei 1975, pale Nachingwea lilifanyika jambo ambalo wazee wengi wa eneo lile wanalijua lakini hawapendi kulizungumza. Wapinzani wa FRELIMO walisimamishwa mbele ya umati wakasomeshwa maungamo. Alikuwepo Uria Simango, aliyewahi kuwa makamu wa Mondlane. Alikuwepo Joana Simeão. Alikuwepo Lázaro Nkavandame, Mmakonde aliyepanga vyama vya ushirika vya wakulima wa uwanda wa Mueda kabla hajageuka na kujisalimisha kwa Mreno mwaka 1969. Baadaye walipelekwa Niassa wakauawa bila kesi ya mahakama yenye uwazi. Familia zao hazikuambiwa kwa miaka. Nkavandame alisaliti, sawa. Ila serikali inayoanza kwa kuwafanyia hivyo wapinzani wake inamfundisha kila mwenye neno la kupinga kwamba mlango wa maneno umefungwa.

Kisha yakaja ya vijijini. Mwaka 1977 chama kikatangaza rasmi kufuata Umarx na Ulenin. Machifu wakaondolewa, wakachekwa hadharani kwamba ni vibaraka wa Mreno. Matambiko yakaitwa ushirikina, na misikiti na makanisa yakabanwa. Watu wakahamishiwa vijiji vya pamoja, mahali pengine palepale ambapo Mreno aliwafungia kwa waya wakati wa vita ili wasiwape chakula wapiganaji. Mwaka 1983 ikaja operesheni ya kuwakamata "wasiozalisha" mijini: asiye na kitambulisho au barua ya kazi alipakiwa kwenye ndege akatupwa Niassa, kwenye pori la simba.

Sisi wa Mtwara na Lindi tunajua kuhamishwa ni nini. Vijiji vya mpakani vilikusanywa mapema kuliko sehemu nyingine za nchi kwa sababu ya mabomu ya Mreno, na baadaye operesheni ya vijiji ikapita kotekote. Kuna watu waliacha mikorosho yao mbali ikamezwa na pori, na mpaka leo wanaizungumza kwa uchungu. Lakini huku manung'uniko yaliishia barazani. Hapakuwa na jeshi la jirani lililokuwa likimpa bunduki kila mwenye kinyongo. Kule lilikuwepo.

MzeeWaMahuta:

Mwalimu, nimesoma kwa makini. Mimi nina zaidi ya miaka 60 na nilikuwa Zambezia mwaka 1987 na sare ya JWTZ. Sikubaliani nawe.

Unachofanya ni kuwasafisha majambazi. RENAMO haikuwa na ilani wala ofisi, wala haikuwa na kijiji ilichojenga. Ilitengenezwa na Smith ikarithiwa na Botha, kiongozi wa Makaburu. Machi 1984 Samora alikwenda Nkomati akatia saini na Botha kwamba kila mmoja asimsaidie adui wa mwenzake. Samora akatimiza upande wake, akawapunguza ANC, wapigania uhuru wa Afrika Kusini waliokuwa kwake. Kaburu je? Mwaka uliofuata wanajeshi wa Zimbabwe na Msumbiji walipoteka makao ya RENAMO pale Gorongosa walikuta shajara zinazoonyesha silaha na ndege za Afrika Kusini bado zinakuja. Sasa wewe unatuambia habari za machifu na matambiko! Vita vile vilikuwa uvamizi.

Chikongola:

Shikamoo mzee wangu. Kwanza ahsante kwa utumishi wako, na nasema hivyo kutoka moyoni.

Yote uliyosema kuhusu Nkomati na shajara za Gorongosa ni kweli, na bila Rodezia na Makaburu vita visingefika pale. Swali langu ni moja. Uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, Oktoba 1994, ulisimamiwa na Umoja wa Mataifa na watu karibu tisa katika kila kumi walioandikishwa walipiga kura. Kwenye urais Chissano wa FRELIMO alipata asilimia 53, Dhlakama wa RENAMO karibu 34. Bungeni FRELIMO viti 129, RENAMO 112. RENAMO iliongoza Nampula, Zambezia, Sofala, Manica na Tete, mikoa yenye watu wengi na iliyoumizwa sana. Watu wote hao waliwapigia kura waliowachomea nyumba. Kwa nini?

MzeeWaMahuta:

Marahaba. Kwa hofu, mwalimu. Angola ilikuwa imefanya uchaguzi 1992, Savimbi, kiongozi wa waasi wa kule, akashindwa akarudi porini, damu ikamwagika upya. Wasumbiji waliona. Mama mwenye watoto wanne anaona bora huyu apate cha kupata, asirudi na bunduki.

Chikongola:

Mzee, hofu inaeleza sehemu, na ni sehemu kubwa. Haielezi yote. Mtafiti wa Kifaransa, Christian Geffray, aliishi na Wamakua wa Eráti, mkoa wa Nampula, vita vikiendelea. Alichokiona ni kwamba baadhi ya machifu walihama na watu wao wote kwenda upande wa RENAMO ilipofika, kwa kuwa wangerudi kwenye mashamba na makaburi ya wazee wao. Hawakujali Marx wala Botha. Waligundua baadaye kwamba walihama kutoka kwa bwana mkali kwenda kwa bwana mkali zaidi, ila sababu ya kuhama ilikuwa yao wenyewe. Wamakua hao ni ndugu wa Wamakua wetu wa Masasi. Tukisema kila kitu kilitoka Pretoria tunawafanya kama watu wasio na akili.

BintiMasasi:

Naombeni nami niseme. Bibi yangu mzaa mama ni Mmakua wa Niassa, upande wa Mecula. Walivuka Ruvuma kuingia upande wa Tunduru vita vikiwa vimepamba moto, baadaye akaolewa akaja kukaa Masasi. Ninyi mnabishana nani alianza. Bibi hajawahi kunisimulia nani alianza.

Anasimulia kwamba kwa muda mrefu hawakulala nyumbani. Jua likianza kushuka mnabeba mkeka na sufuria mnaingia porini, kila familia na mahali pake, na hamuambiani mahali hapo ili mmoja akikamatwa asiwe na cha kutaja. Asubuhi mnarudi kulima. Kutwanga usiku ni marufuku, kinu kinasikika mbali. Kuku waliliwa wote mapema kwa sababu jogoo anawika. Moto unawashwa mchana kwa kuni kavu kabisa, ugali unapikwa mara moja na unaliwa wa baridi.

Anasema njaa waliizoea, maana walichimba mizizi pori kama sisi tunavyochimba ming'oko. Kilichowatesa ni chumvi. Walichoma majani fulani wakachuja majivu wapate maji ya uchungu ya kuweka kwenye mboga. Mpaka leo ndani ya chumba chake kuna pakiti za chumvi zimepangwa ukutani, na ukizigusa mnagombana.

Kaka yake alichukuliwa na matsanga akabebeshwa mzigo. Alikuwa na umri wa kama miaka 12. Hakurudi. Na mume wake wa kwanza alipigwa na askari wa serikali wakidai kwamba analisha majambazi, akafa baada ya siku chache. Kwa hiyo kwa bibi yangu pande zote mbili zina deni.

Ligula_Juu:

Dada, nimesoma mara mbili. Mungu ampe bibi umri.

MzeeWaMahuta:

Mjukuu wangu, msalimie sana bibi. Hilo la chumvi ni kweli tupu. Zambezia watu walitoka porini kuja kwetu wamejifunga magunia na magome ya miti, watu wazima. Mtu hakuuliza unga kwanza. Aliuliza chumvi.

Chikongola:

KIPANDE CHA TATU: raia

BintiMasasi ameshasema kuliko nitakavyosema mimi. Niongeze yaliyo kwenye kumbukumbu za wazi.

Mwaka 1988 serikali ya Marekani, ambayo ndani yake kulikuwa na watu waliotaka kuisaidia RENAMO, ilimtuma mtu aitwaye Robert Gersony akawahoji wakimbizi. Alihoji karibu watu 200 katika nchi tano, Tanzania ikiwemo. Watu wasiojuana, waliotoka mikoa tofauti, walimweleza mambo yaleyale: maeneo ambako wanakijiji walitozwa chakula na kubebeshwa mizigo, maeneo ambako walishikiliwa kama watumwa wa kulima, na maeneo ambayo yalifutwa tu. Ubakaji, kukatwa masikio, pua na midomo. Makadirio yake ni kwamba raia wasiopungua 100,000 walikuwa wameuawa, na sehemu kubwa sana ya matendo hayo aliihesabu kwa RENAMO. Baada ya hapo Washington haikuwa rahisi tena mtu kusimama hadharani kuwatetea.

Homoine, mkoa wa Inhambane, tarehe 18 Julai 1987: watu 424 waliuawa kwa siku moja, wakiwemo wagonjwa waliokuwa vitandani hospitalini.

Lakini wengi hawakufa kwa risasi, na hili ndilo nataka wanafunzi wangu walielewe kuliko yote. Vita vile havikuwa vya jeshi kupambana na jeshi uwanjani. Vililenga vitu vinavyomfanya mkulima aone kwamba ana serikali: shule, zahanati, duka, lori la mahindi, mwalimu, mkunga. Mwalimu alikuwa shabaha. Zahanati ilichomwa pamoja na friji ya chanjo. Ikifika hapo surua inaua, kuhara kunaua, utapiamlo unaua, na hakuna anayehesabu. Ukame wa 1983 na 1984 uliwakuta watu ambao tayari hawana akiba, na inakadiriwa 100,000 walikufa kwa njaa. UNICEF ilikadiria kwamba kati ya 1980 na 1988 karibu watoto nusu milioni wa chini ya miaka mitano walikufa kwa sababu zilizotokana na vita. Nusu milioni. Hawa hawakuwa na chama.

Malawi peke yake ilipokea zaidi ya milioni moja. Ilifika hatua kwamba katika kila watu kumi pale Malawi, mmoja alikuwa Msumbiji. Kwetu waliingia makumi ya maelfu, wengi kupitia mkoa wa Ruvuma. Zamani ya vita vya Mreno tulikuwa na makazi ya wakimbizi Rutamba kule Lindi na Matekwe kule Nachingwea. Safari hii ya pili wengi walipokewa na ndugu tu, Mmakonde kwa Mmakonde, Myao kwa Myao, akapewa kipande cha kulima muhogo akaanza maisha. Ndiyo maana ni vigumu hata kujua walikuwa wangapi. Wengi ni majirani zetu leo.

Nanguruwe_Kwetu:

Mkuu naomba kuuliza, jeshi letu lilifuata nini kule? Baba yangu alikuwa akisema tu "tulienda kwa Samora", hakumalizia.

Chikongola:

Mwaka 1986 RENAMO walimiminika kutoka upande wa Malawi kuingia Zambezia na Tete. Lengo lilikuwa kufika bahari ya Hindi kupitia Quelimane na kuikata nchi vipande viwili. Oktoba 19 mwaka huo ndege ya Samora ikaanguka Mbuzini, Afrika Kusini, akafa, na Chissano akachukua nafasi. Zimbabwe walikuwa tayari wanalinda njia ya Beira. Tanzania ikapeleka askari, wanaotajwa kuwa kama 3,000, wakafanya kazi zaidi Zambezia na kuondoka mwishoni mwa 1988. Nchi yetu nayo ilikuwa hoi kiuchumi wakati ule. Pale makaburi ya Mashujaa Naliendele wamelala askari wetu waliokufa Msumbiji. Mzee wa Mahuta atajazia.

MzeeWaMahuta:

Sina mengi. Tuliikuta miji ambayo ukuta umesimama, bati, mlango na dirisha vimekwenda. Reli imeng'olewa mataruma. Mashamba ya chai ya Gurué pori tupu. Malaria ilitupiga kuliko adui. Na waliokuwa wakishikwa, wengine walikuwa watoto. Mtoto ana bunduki ndefu kama yeye. Hujui umfanyeje. Hapo naishia.

KilwaMasoko_:

Mimi nasubiri lile la dawa ya risasi. Nilisikia kule nako kulikuwa na Majimaji.

Chikongola:

Umenigusa penyewe. Sisi ambao babu zetu walikunywa maji ya Kinjekitile tuna haki ya kulisikia hili.

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, Zambezia na Nampula, alitokea kijana mganga aitwaye Manuel António. Alisema alikufa akafufuka na kupewa dawa ya kukinga risasi. Wafuasi wake, Naparama, walichanjwa chale na kushika mikuki, bila bunduki kabisa, na masharti yao yalikuwa makali: usiibe, usibake, usirudi nyuma. Walienda mbele ya RENAMO wakiwa wamesimama wima. Na RENAMO wakakimbia! Wapiganaji wa msituni nao waliamini dawa, wengi wao vijana wa vijiji vilevile. Kwa muda mfupi Naparama walikomboa maeneo makubwa, na watu kwa mamia ya maelfu wakatoka porini na kambini wakarudi kulima. Manuel António aliuawa mwishoni mwa 1991.

Mimi siamini dawa. Lakini naheshimu sana walichokifanya, kwa sababu ni raia waliochoshwa na majeshi yote mawili wakaamua kusimama. Mwaka 1905 watu wa Kilwa, Lindi na Masasi walisimama vilevile, wakakutana na bunduki ya Mjerumani ambaye hakuogopa maji. Tofauti ya matokeo ilikuwa kwenye imani ya aliyeshika bunduki.

Vita vyenyewe vilikoma kwa uchovu. Ukame mkubwa wa 1991 na 1992 uliyaacha majeshi yote bila chakula cha kupora. Ukaburu ulikuwa unaporomoka, na Moscow nako hakukuwa na msaada tena. Viongozi wa makanisa, akiwemo askofu mkuu wa Beira Jaime Gonçalves, walikuwa wamebeba maneno kati ya pande mbili kwa muda, na jumuiya ya Kikatoliki ya Sant'Egidio ikatoa ukumbi Roma. Tarehe 4 Oktoba 1992 Chissano na Dhlakama wakatia saini. Hakukuwa na tume ya ukweli wala kesi. Msamaha kwa wote, kisha watu wakarudi vijijini, aliyeua na aliyeuliwa wake wakachota kisima kimoja. Vijiji vingi viliwafanyia waliorudi matambiko ya kuwasafisha, yaleyale yaliyopigwa marufuku mwanzo.

Ligula_Juu:

Na mabomu ya ardhini? Nasikia panya wetu wa Morogoro walisaidia.

Chikongola:

Kweli kabisa. Panya buku waliofunzwa na shirika la APOPO pale SUA, Morogoro, walipelekwa Msumbiji kunusa baruti. Hawalipui kwa kuwa ni wepesi. Septemba 2015 Msumbiji ilitangazwa kuwa imesafishwa mabomu yote ya ardhini yaliyojulikana. Hesabu mwenyewe: saini 1992, bomu la mwisho 2015. Miaka 23 watu wanalima kwa kubahatisha mguu.

Nanguruwe_Kwetu:

Sasa mkuu, turudi kwetu. Mbona hii ya Cabo Delgado haifanani? Hawa ni magaidi wa dini.

Chikongola:

Ni kweli wanajitangaza hivyo, na wanachinja hata Waislamu wenzao, mashahidi ni maelfu. Sitawatafutia udhuru. Lakini angalia walikoanzia: Oktoba 2017, Mocímboa da Praia, pwani ya Wamwani na Wamakua ambao tangu uhuru wamelalamika kwamba wakubwa wa chama na jeshi wanatoka uwanda wa Mueda. Gesi ikagunduliwa baharini, rubi zikapatikana Montepuez, wachimbaji wadogo wakafukuzwa, vijiji vikahamishwa kupisha mitambo. Kijana asiye na shamba wala nyavu akakutana na mtu anayempa fedha na maelezo. Machi 2021 wakaingia Palma. Watu waliohama makwao wamewahi kufika milioni moja, karibu nusu ya mkoa mzima.

Na hapa lipo ambalo ni letu. Mwaka 2021 shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa lilisema wazi kwamba maelfu ya Wasumbiji waliovuka Ruvuma kutafuta hifadhi Tanzania walirudishwa kupitia Negomano, upande wa pili wa Daraja la Umoja. Najua hoja ya usalama. Kitaya tuliiona, waliokufa ni watu wetu. Lakini mama mwenye mtoto mgongoni aliyetoka Palma kwa miguu hajafanana na aliyechoma Kitaya, na watu wa idara wana njia za kuwatofautisha. Mkoa uliowapokea wazazi wao mara mbili, ukiwarudisha mara ya tatu, unapaswa angalau kuona uchungu. Mimi nauona.

MzeeWaMahuta:

Hapo tuko pamoja, mwalimu. Kuhusu Makaburu bado nakupinga.

Chikongola:

Nipinge mzee wangu, uzi uko wazi.

Ombi langu kwa wote: mwenye mzazi, bibi au babu aliyevuka kati ya 1977 na 1992, andika hapa alitoka wilaya gani, alivukia wapi, na alipokelewa kijiji gani. Majina msiweke. Nataka nitengeneze ramani ya darasani, maana kitabu cha kidato cha nne kina Nachingwea na Samora, kisha kinanyamaza.

BintiMasasi:

Bibi: Mecula, Niassa. Walivukia kwa mtumbwi juu kidogo ya pale ambapo sasa kuna Daraja la Umoja, Mtambaswala, halafu wakatembea kuelekea Tunduru. Kijiji nitamuuliza leo jioni, nikipata naandika.

KilwaMasoko_:

Baba mkwe: Nangade. Alivukia Kilambo, akapokelewa na mjomba wake Kitaya.